Kijani Tatu

Bisha ukitaka kubisha, lakini kijana aliyeacha shule kidato cha pili, yule ambaye mwalimu wa hesabu alisema kichwani mna upepo mtupu, leo ameweka hifadhidata nzima ya hospitali kwenye seva tatu, chai yake haijapoa, seva tatu zinakuwa kitu kimoja, moja ikizima mbili zinashika, faili la mgonjwa halipotei hata mbingu ianguke... hivyo ndivyo alivyokuwa akimtambia mama wa usafi, naye mama amesimama mlangoni na ndoo, tambara linachuruzika, akamsikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani, kisha akauliza, "Haya, bwana upepo, umemaliza nipige deki?" na yeye akageukia skrini ili aseme ndiyo, badala yake akasogeza uso karibu, kote ni kijani, Mpole kijani, Kiherehere kijani, Tumbo kijani, ndiyo, seva zake amezipa majina, Mpole haina kelele, Kiherehere feni yake inalia kama mbu, Tumbo ina diski kubwa, zote zinasema salama salimini, ila chini ya Mpole pameandikwa wanachama: mmoja, akatazama Kiherehere, mmoja, akatazama Tumbo, mmoja, lo, amefanya nini huyu fundi wa mafundi, amri ya kuanzisha kundi hupewa seva moja tu, nyingine mbili huambiwa zijiunge nayo, na yeye kwa mbwembwe, huku anapiga mluzi, amebandika amri ile ile kote, sasa kundi halipo, yapo makundi matatu ya mtu mmoja mmoja, nyumba ya kambale, kila mtu ana sharubu, ziko kabati moja, bega kwa bega, kebo zimeshikana, na hakuna inayojua kwamba jirani yupo... mama wa usafi anasema daktari mkuu kapita kumuulizia, anasema adhuhuri, nusu ya maneno inamezwa na feni, adhuhuri faili zinahamia huku na mashine ya zamani inazimwa, na zikihamia kwa Mpole, kisha Mpole ikaungua, nani atadaka, mtoto ataletwa hawezi hata kusema, na hakuna atakayejua dawa gani inamdhuru, na dawa ya kosa lenyewe ni kufuta seva mbili na kuanza upya, kazi hiyo anaiweza, kigumu ni kumwendea daktari aliyeambiwa tangu asubuhi kwamba kazi imekwisha, kabla hata amri ya kwanza haijaandikwa, na kumwambia bado, neno fupi hilo, lakini yeye na neno hilo hawajawahi kusalimiana, mdomo wako hufika kabla ya miguu, dada yake husema hivyo, dada aliyemlea, na simu imetetemeka mfukoni tena, hataisoma, anaujua ujumbe, ni ule ule unaorudiwa tangu jana, "Jumamosi nakuja, mdogo wangu, niwapikie wewe na wenzako," anauliza sufuria ya huko inatosha watu wanne... sufuria, yeye ana kikombe kimoja na kijiko kinachopinda... tambara linadondosha tone, mama hajaondoka, hajaudhika, anangoja tu, na kwenye skrini mmoja, mmoja, mmoja, kijani kibichi, salama, mtu anaweza kuwa salama hivyo miaka, akiulizwa hali anajibu kijani... bado, anaijaribu kwa ulimi tu, bado, mama, wala haiumi kama alivyodhani, na nyuma yake linakuja lile jingine, kile kipande alichokiruka katika tambo zote, kwamba dada anawajua wenzake kwa majina, kila jioni huwaulizia, Mpole amepona mafua, Kiherehere bado anakusumbua, huyo Tumbo asije akakumalizia chakula, na yeye hucheka, humwambia wako hapa hapa, wanakusalimu, na siku dada alipong'ang'ania azisikie sauti zao aliinyoosha simu mpaka kwenye feni, akaishika pale, na dada akasema kwa furaha, kumbe mko wengi.