Mashine ya Modeste Haihami

François aliweka mpira kwenye alama ya penalti, akavuta pumzi kana kwamba Kolwezi nzima inamtazama, akabonyeza. Picha ikaganda: mchezaji mguu juu, golikipa macho yamemtoka. Ndani ya sanduku jeusi la kompyuta feni iliunguruma kama lori linalopanda mlima, kisha skrini ikazimika.

"Tata Modeste," François alisema, akiweka chini manete ya kuchezea, "hata mashini yako inangoja kuhamishwa!"

Sebule nzima, iliyojaa majirani, ikaangua kicheko. Modeste, mwenye nyumba na mwenye mashine, hakucheka.

Nje, kando ya mlango wake, kulikuwa na namba nyekundu. Walikuja watu wa kampuni, kofia ngumu kichwani, kopo la rangi mkononi, wakasema: chini ya mtaa huu kuna madini, mtahamishwa, tumehesabu kilichopo, na chochote mtakachojenga baada ya leo hakitahesabiwa. Siku ile Falonne, binti wa Modeste, alikuwa hajaota hata jino. Sasa anasoma shule, na kampuni haijarudi. Hawakumfukuza mtu. Waliwaacha watu wajifukuze wenyewe, polepole. Matofali ya jirani yameota majani. Choo cha Modeste hakina mlango, kina gunia. Nani apake simenti nyumba iliyokwisha kuhukumiwa?

Mechack, fundi wa kompyuta mjini, alikuwa ameifungua mashine akasema wazi: "Sanduku iko bado nguvu, Tata. Tubadilishe karte ya mapicha na bloki ya umeme, itakimbia tena. Ao uache huyu muzee, ukamate laptop ya michezo."

Wivine, mke wa Modeste, aliona njia moja tu. "Laptop unafunga, unatia mu saki, tunaenda. Ile sanduku, siku ya kuhama utaibeba ku kichwa?"

"Siku gani ya kuhama?"

"Ile balisema."

"Balisema!" Modeste aliinuka, akaketi, akainuka tena. Wiki ile hakutulia kitini. Kichwani mwake kulikuwa na turubai. Baba yake, mfanyakazi wa kampuni ya zamani, aliahidiwa paa jipya kwenye nyumba ya kampuni pale Dilala. Usiguse, linakuja, walimwambia. Mzee hakugusa. Alitandaza turubai juu ya bati lililotoboka, akangoja, akastaafu, akakohoa, akafa. Siku ya msiba mvua ilidondoka juu ya jeneza, palepale sebuleni. Kampuni zimebadilisha majina na bendera, lakini neno lao kwa mwananchi ni lilelile: ngoja.

Hata hivyo alikubali. Ugomvi wa ndani unachosha kuliko kazi ya shimo la madini. Alikwenda kwa Mechack, akaijaribu laptop. Mpira uliteleza kama mafuta.

"Uende nayo kwanza, Mama aione," Mechack alisema.

Modeste aliitia kwenye mfuko na nyaya zake, akapanda taxi-moto, mfuko kifuani. Dereva alipotajiwa mtaa, aliutazama ule mfuko kwenye kioo cha pikipiki.

"Pole, Tata. Njo mulianza kuhama?"

"Simama!"

"Hatuyafika, Tata."

"Geuza! Nani alikuambia mi nahama?"

"Batu ya kule banabeba yote mu saki," dereva alisema, akageuza.

Mechack alishangaa kumwona. Modeste aliweka mfuko mezani. "Tia karte mupya, na bloki. Sanduku inabaki."

Mashine ilipopona, Modeste alivunja sakafu ya sebule, mashimo manne, moja kwa kila mguu wa meza ya chuma ya kuwekea mashine. Badibanga, jirani yake, alichungulia dirishani.

"Ee! Kobalti iko mu nyumba na unatuficha?"

"Napanda meza."

"Itazaa nini?"

Wivine alirudi sokoni, beseni kichwani, akakuta simenti mbichi. "Hii nani atakuhesabia?"

"Hakuna mutu."

"Na bakitufukuza?"

"Bakuje na nyundo. Babomole benyewe, batu baone. Mi sitabafungia mizigo."

Wivine alishusha beseni, akapita.

Jumapili watu walijaa. Feni ilinong'ona tu. François aliweka mpira kwenye alama, akavuta pumzi. Wivine akaingia, akasimama mbele ya skrini.

"Kumbe tunabaki?"

"Tunabaki," Modeste alisema kwa sauti ya mkutano.

"Njo mulango ya choo iko wapi? Miaka yote unaniambia gunia inatosha, juu tunahama. Tunabaki kwa mpira, tunahama kwa choo?"

Hakuna aliyecheka. Modeste, aliyekuwa na jibu kwa kila kampuni, alitazama pembeni, penye nusu ya mfuko wa simenti iliyobaki. Akaenda akaubeba begani.

"Na penalti yangu, Tata?" François aliuliza. "Nangoja?"

"Usingoje. Kamata nyundo, twende."