Gunia la Bibi Njiku Kwanza

1

Kelele.

Ukija mtaa wetu hapa Singida, utazisikia kabla hujaona kitu: mashine za kukamua alizeti, kila moja ndani ya banda lake la mabati. Mimi Gwau nina yangu. Jirani yangu Yulita, Mama Elia, ana yake. Tumetenganishwa na ukuta mmoja, na ukuta wenyewe una tundu. Nimegombana naye miaka mingi kwa sababu mashudu yake, yale makapi yanayobaki mbegu ikishakamuliwa, yanamwagikia upande wangu.

Kumbuka hilo. Usije ukadhani namsifu kwa sababu ni ndugu yangu.

2

TANGAZO

Wamiliki wote wa viwanda vidogo vya kukamua mafuta mnajulishwa kwamba, kwa mujibu wa sera ya kuendeleza biashara ndogo, ukamuaji katika makazi ya watu utakoma mwisho wa mwezi huu. Katika eneo jipya la viwanda limebaki banda moja lenye umeme wa kuendeshea mashine. Litatolewa kwa mkamuaji atakayeonekana kufanya vizuri zaidi siku ya ukaguzi, Jumanne. Wengine watasubiri awamu ijayo.

Nyote mnakumbushwa usafi.

3

Kwa lugha ya mtaani: mmoja anakamua, sisi wengine tunafunga.

4

(Jumatatu, barabarani, kila mtu na brashi yake.)

— Chokaa imebaki?

— Kidogo. Mgeni atapita upande gani?

— We paka pande zote.

— Na mashine?

— Zima. Mkubwa atakuja kupigizana kelele na wewe? Adabu hiyo!

— Mama Elia, mbona wewe hupaki?

— Nina watu kesho.

— Watu gani? Wape siku nyingine!

— Wanakuja na punda kutoka mbali. Nikampe punda siku nyingine?

Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

5

Nilivyojiandaa mimi:

chokaa, ndani na nje

mtungi wa kuzimia moto, mpya

viti vya plastiki vya kukodi, na kitambaa cha meza

soda

shati nililovaa harusi ya binti yangu Jeni

mashine kuifuta kwa mafuta ya taa mpaka ing'ae, kisha

kuizima.

Wateja wangu niliwaambia warudi Jumatano. Wakahamia kwa Yulita.

6

*Anasema mkuu wa wakaguzi:*

Kila banda nililoingia lilikuwa kimya kama chumba cha mtihani. Watu wamejipanga, wamependeza. Nikauliza, mnakamuaje? Wakanieleza. Nikauliza, naweza kuona? Wakasema, mheshimiwa, tumezima kwa heshima yako.

Mimi nilikuja kuona kazi.

Nilishukuru, nikanywa soda. Banda lililofuata, soda nyingine. Nilipofika kwa Bwana Gwau nilikuwa siwezi tena kunywa, lakini alikuwa ameshaifungua.

7

Halafu tukasikia mashine ya Yulita, na afisa biashara aliyemleta mkuu akatangulia mbio ili

Hapana. Nianze na bibi.

Bibi Njiku, mmoja wa wale wateja wa Yulita waliokuja na punda, alikuwa amekaa kwenye ndoo yake iliyogeuzwa. Alizeti yake, mavuno ya mwaka mzima, ilikuwa imeshapashwa moto, na nusu yake imeshaingia kwenye mashine. Hapo ndipo tulipoingia: mkuu wa wakaguzi, msafara wake, na mimi nyuma na shati la harusi.

"Mama, zima! Mgeni amefika!" afisa biashara alipaza sauti.

Yulita hakugeuka. "Karibuni! Mbegu ina moto. Ikipoa, mafuta ya bibi yanabaki kwenye mashudu."

"Mama, huyu ni mkuu wa msafara!"

"Na huyu ni mteja. Gunia likiisha nazima."

"Mwanangu, zima tu," Bibi Njiku akasema. "Usije ukafungiwa banda kwa sababu yangu."

"Bibi, nyanyuka. Nipe hiyo ndoo, mafuta yanakuja."

Mkuu akatafuta kiti. Hakuna. Akakaa juu ya gunia la mashudu, na suruali yake nyeusi.

Akasubiri.

Akasubiri.

     Sisi tumesimama.

Akasubiri.

8

*Anasema Bibi Njiku:*

Nimekamuliwa alizeti na watu wengi. Akija mkubwa, sisi wenye magunia tunaambiwa, bibi pisha. Siku ile sikupisha mtu. Mgeni akaniuliza mafuta haya ni ya nini. Nikamwambia, achovye kidole. Akachovya, akalamba. Yalikuwa bado ya moto. Akalamba tena.

9

*Anasema Yulita, nilipomuuliza kama hakuogopa:*

"Baba Jeni, miguu ilikuwa inatetemeka. Ungeangalia chini ungeona. Mbona hukuangalia?"

10

Gunia liliisha. Akazima. Akajifuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo, mheshimiwa. Sasa niulize."

Lakini afisa biashara alikuwa ameshaanza kuandika, huku anasoma kwa sauti: chokaa hakuna, viti vya wageni hakuna, mashudu mlangoni, mtungi wa kuzimia moto hakuna.

Mtungi mimi ninao. Naurudia maana ni kweli, na maana usiku ule mtungi wenyewe ulinikera.

Nimekaa na mashine tangu nikiwa kijana. Nimeona wanaojua kuongea na wakubwa, nami nimo. Sijawahi kuona mtu aliyewekewa riziki yake yote mezani, akaambiwa zima tu uichukue, akasema gunia la bibi kwanza.

Yule mama ni

Sina neno lake. Tafuta wewe.

11

Ijumaa. Gari la matangazo limepita sasa hivi.

*"...banda lililobaki katika eneo la viwanda amepewa..."*

Nimelisikia jina. Vizuri kabisa.

Yulita hajasikia. Mashine yake inanguruma, ana mteja, na gunia liko nusu.

Nimeingia kwake. Ameniona mlangoni, ameinua kidevu: vipi?

Nimechukua koleo. Nimeanza kuzoa mashudu, nikianzia na yale ya upande wangu.

Gunia likiisha, nitamwambia.