Pikipiki Iliyougua Kila Jumamosi

Mwaka wa 1969 Théodore, fundi wa umeme katika karakana za Panda, aliyeishi katika kambi ya wafanyakazi, alinunua pikipiki ya mtumba. Siku za kazi ilikimbia vizuri kabisa. Jumamosi, siku ya kumpeleka mkewe Angèle kulima mahindi yao upande wa Buluo, ilikataa kuwaka. Théodore aliisukuma kwa uso wa masikitiko hadi kwa mekanisiani Symphorien, akarudi jioni pikipiki ikiwa nzima, mwenyewe akinuka bia. Angèle alikuwa amekwenda shambani kwa miguu, jembe begani.

Alivumilia majuma matano. Kisha akamweleza jirani yake Kadidja, mjane wa dereva wa lori, ambaye miaka mingi alimshikia mumewe spana na hakusahau alichokiona. Kadidja alisikiliza, akacheka, akasema mashine haijui kalenda.

Juma lile Théodore alikuwa na zamu ya usiku, mchana analala fofofo. Wanawake wale wakaifungua pikipiki nyuma ya jiko. Angèle alijifunza kusafisha kabureta kwa petroli na unyoya wa kuku, kukaza mnyororo, kung'oa buji, kile kidude cha kutoa cheche, na kukikwangua masizi. Mara ya kwanza walipomaliza kufunga, skrubu mbili zilibaki mkononi. Wakaanza upya.

Jumamosi Théodore akatangaza kwamba pikipiki imekufa. Angèle alijifunga kitenge kiunoni, akainama, akakuta waya wa buji umechomolewa. Akaurudisha. Injini ikanguruma, na kabla ya saa nne Théodore alikuwa ameshika jembe.

Jumamosi iliyofuata palikuwa na kitambaa ndani ya bomba la moshi. Angèle alikivuta, akakifua, akakianika kambani mbele ya mumewe.

Ya tatu, buji yenyewe haikuwepo. Angèle aliinuka, akajifuta mikono.

"Baba," alisema taratibu, "toa ile buji mu mufuko yako. Itachafula suruali, na ni minye njo nafulaka."

Théodore aliitazama suruali, ambayo kweli mkewe ndiye aliyeifua kila juma. Doa jeusi lilikuwa limeshapenya. Akaitoa, akamkabidhi.

"Minye sipendake kulima," akakiri.

"Hata minye," Angèle akajibu.

Walitazamana kidogo, kisha wote wawili wakashindwa kuzuia kicheko. Lakini shambani walikwenda.

Habari hizo Kadidja hakuzificha. Kufikia Januari, kila Jumamosi watu wa kambi walikuwa wakisukuma pikipiki zao hadi nyuma ya jiko la Angèle, naye, mweusi wa grisi hadi kwenye viwiko, alisema kwa huzuni kwamba nafasi ya kwenda Buluo hana tena. Théodore alikwenda peke yake mara mbili. Mara ya tatu alimbeba Symphorien, ambaye siku hizo hakuwa na kazi nyingi, na palizi ya mahindi wakaimaliza pamoja, wakinung'unika.