Tabaka la Juu

Jumanne saa tatu asubuhi Georgette alikuwa akichambua maharage nyuma ya nyumba yake, zoni ya Juru, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, maporomoko ya maji ya kwao Kivu Kusini yalipofika kiwanjani. Yalikuwa yale yale ya kwenye kalenda ya kanisa, mita kumi kwenda juu, na ukungu wake. Alisogeza ungo maharage yasilowe, akaendelea.

Jirani yake Kankindi aliuliza tu kama yatakaa. Kufika saa nne madumu yalikuwa yamepangwa foleni, maana bomba lilikuwa kavu tangu Ijumaa.

Alhamisi alikuja Muhumuza, mtaalamu wa miamba kutoka Mbarara, na nyundo na daftari. Alieleza bila haraka. Maporomoko yote hutembea. Juu pana mwamba mgumu, chini pana mwamba laini. Maji yanakula ule laini, ule mgumu unakosa pa kuegemea unaanguka, na maporomoko yanarudi nyuma kidogo kidogo. Haya yalikuwa na haraka zaidi, basi. Akaanza kusoma ukuta kutoka chini: mchanga wa ziwa la kale, majivu ya volkeno, konokono, miiba ya samaki, udongo mwekundu. Alipopanda ngazi hadi tabaka la juu, nyundo ilimponyoka.

Tabaka lile lilikuwa watu. Wanaume kumi na wawili walilala kwa mstari, mikono imefungwa nyuma. Uwii! Kankindi alikaa chini matopeni. Maporomoko hayakumshtua mtu, lakini hili liliwakata maini wote, kwani miaka tisa waliambiwa wanaume hao wa kwao walivuka ziwa kutafuta kazi.

“Huyu wa tatu ni bwana yangu,” Georgette alisema. “Ezira. Ile shati nilishonaka mimi mwenyewe.”

“Pole, mama. Pole sana,” Muhumuza alisema. “Nitaandika yote kwa ripoti.”

Na aliandika kweli. Faili la Georgette lilikwama miaka hiyo yote kwa sababu ya mstari mmoja: *Mume: hajulikani aliko*. Mke wa mtu asiyejulikana aliko si mjane, na orodha ya wajane wanaohamishiwa nchi nyingine ilimpita kila mwaka, yeye na watoto watatu. Sasa alikuwa na ushahidi wa mawe. Alivaa kitenge kizuri, akaipeleka ripoti ofisi ya wakimbizi, Mbarara.

Karani aliisoma yote, tena kwa makini. Akakata mstari, akaandika mwingine: *Mume: amepatikana. Anakaa na familia*.

“Alikufa!” Georgette alipiga kelele. “Soma fasi hii! Balimufunga mikono!”

“Mambo ya kufa inaandikwa na daktari, mama, si mtu wa mawe. Hapa inasema iko kwa kiwanja yako.” Akagonga muhuri. “Jumatatu tunakuja kuchukua vidole yake. Mwambie asiende mahali.”

Aliyekuwa nyuma ya Georgette kwenye foleni alimwomba apishe.

Jumatatu walikuja watu wawili na mashine ya alama za vidole. Waliegemeza ngazi, wakapanda, wakapenyeza mashine nyuma ya mgongo wa Ezira. Ilimkubali mara ya kwanza. Jamani, hata kamba hawakumfungua.