Rufaa ya Mtaalamu

Mtaalamu, ndivyo shangazi yake alivyomwita mbele ya wateja wake wa kushona. Kijana huyo alikuwa amemtengenezea shangazi programu ya simu ya kupokea oda za nguo, akajigamba kwamba kila mstari aliuandika mwenyewe. Uongo mtupu. Alitumia zana ya kampuni nyingine, akaburuta vipande vilivyokwisha kutengenezwa, basi.

Programu ilikuwa imetumwa kwenye duka la programu la mtandaoni ili ikaguliwe, na kwa vile akaunti ilikuwa ya shangazi, majibu ya duka yaliingia kwenye simu yake. Akayasoma kwa sauti, wateja wakisikiliza: "Imekataliwa. Imeundwa kwa zana tusiyoiruhusu. Iandikwe upya kwa zana zetu."

Mtaalamu alitamani ardhi ipasuke immeze. Shangazi akavua miwani.

"Wamekusingizia, baba. Mtu anakesha akiandika, halafu wanamfanya tapeli? Wamenikosea mimi."

Akabonyeza palipoandikwa "Kata rufaa", akamkabidhi simu.

"Waeleze ulivyonieleza mimi."

Mtaalamu akaishika, kidole kikaganda juu ya kioo. Shangazi akasimamisha cherehani, akawaashiria wateja wanyamaze, mtoto wake apate utulivu wa kuandika.