Jicho la Kushoto la Rani

Katika karakana yetu wanawake wote wana uso mmoja. Mcheza ngoma, mungu wa kike, malkia, wote pua ndefu, kidevu chembamba, jicho refu kama samaki. Babu alimwachia mwanawe, Ami Harlal, kielelezo chake, ngozi ya paa iliyotobolewa kwa sindano. Ami huiweka juu ya karatasi, akainyunyizia unga wa mkaa, uso uleule ukatoka chini yake. Mimi nasaga rangi na kung'arisha karatasi kwa jiwe la akiki. Tena ni mimi tu wa karakana ninayeingia kwa wanawake wa ngome, maana wanaume hawaruhusiwi.

Ndiyo sababu Rani, malkia wa ngome, aliniita mimi. Binti yake, Suraj Kanwar, alikuwa anaozwa mbali, na waozwao kule hawarudi. Alitaka picha yake ya kumpa aende nayo.

"Gumani," akaniambia, "mwanangu asiende na yule mwanamke wenu wa kila siku. Aende na mimi."

Akafunua ushungi. Ndui ilimwachia makovu mashavu yote, na jicho la kushoto limefumba nusu.

Nilipomweleza Ami, nusura animwagie gundi.

"Una wazimu? Uso wa Rani hauonwi na wanaume. Ule wetu ndio pazia lake!"

"Pazia halitaki, Ami. Kasema mwenyewe."

"Na Diwani akitufukuza ngomeni, utakula makovu?"

Akachora uso uleule. Macho akayaacha, kwani kwetu macho hufunguliwa mwisho, karatasi ikishang'arishwa. Akanipa nikaing'arishe. Jamani, na mimi nina hasira zangu! Nikaufunika ule uso kwa rangi nyeupe, nikachukua brashi ya manyoya ya kindi, nikamchora Rani niliyemwona, kovu kwa kovu. Jicho la kushoto nililifungua nusu tu.

Ami alipoona, alikaa chini.

"Futa."

"Futa wewe, Ami. Si wewe ndiye fundi?"

Akachovya brashi. Akaitazama picha mpaka rangi ikamkaukia mkononi.

"Mkaidi kama babu yako," akanung'unika, akaiweka brashi chini.

Siku ya arusi Diwani, waziri wa ngome, alikagua zawadi mbele ya pazia la wanawake. Akaiinua picha yetu, akaangua kicheko.

"Mjakazi gani huyu mmemvisha johari za Rani? Ipelekeni jikoni ikawashie moto!"

Nilikuwa nimesimama kando ya pazia.

"Haichomwi," nikasema.

"Alaa! Binti wa wapaka rangi ananijibu mimi?"

"Nakujibu mimi," ikasema sauti ya Rani nyuma ya pazia. "Huyo uliyemshika ni mimi. Mpe mwanangu."

Kilio cha maharusi kwetu ni desturi, lakini Suraj hakuwa ametoa hata chozi. Akapitisha mkono chini ya pazia, akaipokea picha. "Mama, jicho lako," akasema, akalia kama mtoto.

Diwani alikuwa ameshageukia ukutani, kafumba macho kwa adabu. Kachelewa.