Vidole Viwili vya Akiba

Fundi cherehani huyu watu walimwita Vidole Viwili, na jina alilitafuta mwenyewe. Kila nguo aliyoikata, iwe ya bwana mkubwa au ya mtoto wa shule, aliacha ndani ya mshono kitambaa cha upana wa vidole viwili. Nguo ikibana, unafumua, unaiachia, maisha yanaendelea. Waliomwambia anapoteza kitambaa aliwajibu kwamba binadamu si ubao: ananenepa, anakonda, anabeba mimba, anazeeka. Tena, ndani ya kila pindo alipiga mishono mitatu midogo ya uzi mwekundu, mahali ambapo jicho la mtu halifiki. Mwenye nguo hakujua. Fundi alijua, na hiyo ilimtosha.

Alikuwa na binti mmoja tu, na hapo ndipo lilipokuwa donda lake. Binti alikulia chini ya meza ya kukatia, akichezea vipande, na baba mtu akawa amekwisha kumrithisha cherehani moyoni. Kumbe mwenzake ana yake. Akaenda chuo cha sanaa, akatoka mchoraji, akapanga chumba cha kazi ghorofa ya tatu, juu ya duka la vioo. Miaka sita baba hakukanyaga huko. Alisema magoti yake hayapatani na ngazi. Magoti yalisingiziwa bure. Kilichouma ni roho.

Ijumaa moja shemeji yake, mama mdogo wa binti, aliingia dukani na kumwaga habari yote bila kukaa. Maktaba mpya ya mji inatafuta picha ya ukumbi wake mkubwa. Ya binti imependwa kuliko zote, ila mkaguzi wa maktaba ameona kasoro: kila mtu pichani amezungukwa na ukanda mweupe usiopakwa rangi, kama kazi isiyokwisha. Aujaze kabla ya Jumatatu, la sivyo ukumbi anapewa mwingine.

"Mtoto hali, halali," shemeji akamaliza. "Na wewe kaa hapo ubembeleze magoti yako."

Kesho yake asubuhi Vidole Viwili alizipanda ngazi zile, akipumzika kila ghorofa na kuwalaani waliozijenga.

Mlango ulikuwa wazi, chumba kinanuka tapentaini. Binti alimwamkia, brashi ikiwa bado mkononi, akamfutia kiti kwa kiganja. Mzee alikuwa amejitayarishia sentensi mbili za kumpa pole. Alipogeuka kuitazama picha, zote mbili zikamkimbia.

Ilijaa ukuta mzima. Lilikuwa benchi la duka lake mwenyewe, na watu kumi na mmoja wanaosubiri kupimwa. Kulikuwa na mpiga chapa mwenye bega moja juu, na mwalimu aliyevuta tumbo ndani akidhani haonekani. Kulikuwa na mama mjamzito aliyefungua zipu kimyakimya ili apumue. Nguo zilikaa miilini kwa uzito wake halisi. Ungeweza kusema hii ni pamba, hii ni sufu, hii imefuliwa mara mia. Vidole Viwili alikuwa ametazama watu hivyo miaka arobaini, na hakuwahi kukutana na mwingine anayewatazama vile. Alijivuna mpaka akaona haya.

Halafu akaona upande wa kushoto. Watu watatu wa kwanza walikuwa wamekwisha kuzibwa ukanda wao kwa rangi, bado mbichi, na walionekana kama wamegandishwa ukutani kwa gundi.

"Nani kakwambia uzibe mishono?" akauliza.

Binti hakuelewa. Mzee akasogea, akaweka vidole vyake viwili juu ya ukanda wa mpiga chapa. Vilienea barabara. Akajaribu kwa mwalimu, akajaribu kwa mjamzito, vikaenea vilevile.

"Hii ni akiba, mwanangu. Umewaachia nafasi."

Binti alikaa chini sakafuni. Akaeleza kwamba chuoni ukanda ule ulimkosesha alama miaka yote. Alifundishwa kuuficha, akauficha. Safari hii mkono ulikataa. Alidhani ni ubovu wa mkono, hakujua umetoka wapi.

Mzee alikuwa amefika mwisho wa benchi. Pale alikaa marehemu mkewe, ndani ya gauni la kijani. Binti alifiwa ana miaka tisa, na alimchora mama kwa kumbukumbu tu. Alikuwa yeye kabisa, kasoro bega la kushoto. Enzi za uhai wake bega lile lilikuwa chini kidogo kuliko la kulia, na hakuna aliyelijua isipokuwa aliyekuwa akilikatia nguo.

Mkono wa mzee ulipanda sikioni, ilikokaa chaki yake ya kazi. Kabla akili haijaufikia, alikuwa amekwisha kuchora mstari wa buluu juu ya picha, begani mpaka kwenye kiwiko, kama anavyotia alama mteja anapojaribu nguo.

Ndipo alipogutuka. Miaka sita hakuja, na siku aliyokuja ameiharibu kazi ya mtoto. Akavuta mkono wa shati ili afute, binti akamshika.

"Usifute, baba. Mama alikuwa hivyo?"

"Hivyohivyo. Upande huo ndio aliokubebea."

Walilia wote wawili, na hakuna aliyesingizia vumbi. Kisha binti akachukua kisu, akaanza kuikwangua ile rangi mbichi ya watu watatu. Mzee akamkumbusha Jumatatu, akamkumbusha ukumbi. Hofu sasa ilikuwa yake.

"Basi niukose," binti akasema. "Siwezi kumbana mama."

Jumatatu mkaguzi alifika chumbani kwa binti, akakuta kanda zote zipo, na chaki juu. Akasema kwa upole kwamba haelewi. Vidole Viwili alikuwa ameapa kunyamaza, na kiapo kikafia hapo. Aliomba radhi, akashika pindo la koti la mkaguzi na kulipindua: kitambaa kimekatwa mpaka kwenye uzi.

"Siku ukinenepa, mzee mwenzangu, koti hili halina msaada. Sasa watazame wale."

Mkaguzi alicheka, kisha akawatazama, na kicheko kikaisha polepole. Alikaa mbele ya benchi lile muda mrefu. Mwishowe akasema ukumbi hauwezekani, kamati iliweka sharti na sharti halikutimizwa. Ila ukuta wa ngazi kuu ni mtupu, na huo uko chini ya mamlaka yake peke yake.

Siku ya kuitundika, Vidole Viwili alizipanda ngazi za maktaba bila kunung'unika. Picha ilining'inizwa bila fremu, ukingo wa chini umekunjwa kwa nyuma. Wasomaji walikuwa wanapanda wakisoma simu zao, wakifika kwenye benchi wanapunguza mwendo. Alitafuta jina la binti kwenye pembe zote, asilione. Akapiga magoti, akaukunjua ukingo kwa kidole.

Ndani, mahali ambapo jicho halifiki, palikuwa na mistari mitatu midogo myekundu.

Binti aliona baba hainuki, akamwendea mbio.

"Magoti, baba?"

"Magoti," akasema, na hakuinuka.